Udalali, Ada na Cha Juu: Historia ya Ujira wa Kuuza Nyumba katika Kanduyi

UTANGULIZI

Maneno ya biashara katika Kiswahili huelezwa mara nyingi kwa kutajwa asili yake tu: hili limetoka Kiarabu, lile limetoka Kihindi, jingine Kiingereza. Maelezo ya namna hiyo yana manufaa, lakini hayatoshi. Neno likishaazimwa huendelea kuishi miongoni mwa watu wanaouziana na kudaiana, na kila mahusiano yao yanapobadilika, neno nalo hupewa kazi mpya au huachwa likapata mwenzake wa kulisaidia.

Makala haya yana shabaha ya kuchunguza maneno matatu, yaani udalali, ada na cha juu, kwa kuyahusisha na historia ya uuzaji wa nyumba na ardhi katika Kanduyi, Kaunti ya Bungoma, magharibi ya Kenya. Kanduyi ni njia panda: hapo barabara kuu ya kutoka Webuye kwenda Malaba na Uganda hukutana na ile inayoingia mjini Bungoma. Reli ya kwenda Uganda ilipitishwa Bungoma katika miaka ya 1920, na tangu wakati huo sehemu hizi zimekuwa mahali pa wapitao na wahamiao. Pasipo wageni hapana haja ya mtu wa kati, kwa sababu jirani hahitaji kuonyeshwa shamba la jirani yake. Kwa hiyo, historia ya ujira wa dalali katika Kanduyi ni sehemu ya historia ya jinsi ardhi ya ukoo ilivyogeuka kuwa bidhaa.

DALALI WA PWANI

Neno dalali limetokana na neno la Kiarabu dallāl, ambalo mzizi wake una maana ya kuonyesha au kuongoza. Neno dalili nalo limetoka katika mzizi huohuo. Kwa asili, basi, dalali ni mwonyeshaji. Kazi yake ni kumwelekeza mwenye fedha kwa mwenye mali, na mwenye mali kwa mwenye fedha.

Katika miji ya pwani maana hiyo iliungana na nyingine. Dalali alikuwa pia mnadi, yaani mtu aliyepaza sauti sokoni ili mali inunuliwe na mwenye bei kubwa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya usimamizi wa Frederick Johnson inalitambua neno hili kwa maana ya mnadi na mtu wa kati. Jambo la kuangaliwa hapa ni uwazi wa kazi yenyewe. Bei ilitajwa mbele ya watu. Aliyeshindwa alijua ameshindwa kwa kiasi gani, na mwenye mali alijua mali yake imefika wapi. Udanganyifu haukukosekana, lakini ilikuwa vigumu kuificha bei.

Mofolojia ya Kiswahili inaongeza jambo lingine. Neno udalali hutaja kazi ya dalali na pia malipo ya kazi hiyo. Halikosi wenzake: upagazi ni kazi ya mpagazi na ujira wake, na uchukuzi ni kazi ya kuchukua mizigo na gharama yake. Katika maneno haya ya ngeli ya U-, kazi na malipo vimefungwa katika jina moja, na atakayelidai neno kwa maana ya pili sharti awe amelitimiza kwa maana ya kwanza. Anayesema "nipe udalali wangu" anadai kwamba udalali umekwisha fanyika.

Kando ya kundi hilo lipo kundi la ngeli ya KI-: kilemba, kiokozi, kiinua mgongo, kipa mkono. Haya si majina ya ujira uliopimwa kwa kazi. Ni majina ya takrima inayotolewa ili kumheshimu mtu au kulikamilisha jambo, kama vile kilemba alichopewa fundi na mwanafunzi aliyehitimu. Kati ya makundi haya mawili limesimama neno ada. Kwa Kiarabu asili yake ni desturi, jambo lililozoeleka. Katika Kiswahili limeendelea kuwa na maana hiyo, lakini limepata na maana ya malipo yaliyowekwa na desturi. Ada, basi, ni malipo ambayo watu wote wanayajua kabla ya kudaiwa. Maana hii ya pili haiwezi kusimama bila ya ile ya kwanza, maana malipo yasiyojulikana na watu hayawezi kuitwa desturi.

ARDHI BILA DALALI

Katika nchi ya Wabukusu kabla ya hati za ardhi, hapakuwa na soko la nyumba ambalo dalali angeweza kulitumikia. Ardhi ilikuwa mikononi mwa koo na mbari. Mtu alilima kwa sababu alizaliwa mahali hapo, au kwa sababu amepokelewa na wenyeji. Aliyepokelewa aliitwa, katika lugha za Kiluhya, omumenya, yaani mtu aliyekuja kukaa. Jina lenyewe linatokana na kitenzi chenye maana ya kukaa au kuishi, wala halina dokezo lolote la kununua.

Hata hivyo, omumenya hakuokota ardhi porini. Alifikishwa na mtu: shemeji, rafiki, au mtu wa rika lake. Mtu huyo alimwonyesha mahali na kumsemea mbele ya wazee. Kwa kazi, alikuwa dalali kamili kwa maana ya asili ya neno. Lakini hakulipwa ujira kwa hesabu. Alichopata kilikuwa heshima, na pengine pombe na nyama zilizoliwa na wote waliohudhuria. Wale waliokula walikuwa ndio mashahidi. Mgogoro ukizuka baadaye, wao ndio waliojua mpaka ulipita wapi na nani alisema nini. Takrima hiyo, kwa mgawanyo wa Kiswahili ulioelezwa hapo juu, ni ya kundi la kilemba, si ya kundi la upagazi. Na zaidi ya hayo, aliyemfikisha mgeni alibaki na dhamana: mgeni akiwa mwovu, lawama ilimrudia aliyemleta. Dhamana hiyo ndiyo iliyopotea kwanza pale malipo yalipogeuka kuwa fedha.

KITALE NA UJIO WA ASILIMIA

Upande wa mashariki na kaskazini-mashariki, katika Trans Nzoia, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Nchi iliyozunguka Kitale ilitengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliruhusu ukodishaji wa muda wa miaka 999, na shamba lenye hati ya muda huo likawa mali ya kuwekwa rehani na kuuzwa kwa maandishi. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, thamani ya mashamba hayo ilizidi kufungamana na soko la dunia. Mwafrika aliishi humo kama mfanyakazi au maskwota; hakuruhusiwa kununua.

Katika soko la namna hiyo mtu wa kati alilipwa kwa sehemu ya bei, kufuatana na desturi ya Kiingereza. Neno lililotumika lilikuwa la Kiingereza, ambalo baadaye Kiswahili kimelipokea kama kamisheni. Kwa hiyo, kwa miaka mingi palikuwa na mifumo miwili ndani ya mwendo mfupi wa gari: Kitale palikuwa na karatasi na asilimia, Kanduyi palikuwa na mashahidi na mtungi wa pombe.

Ukuta baina ya mifumo hiyo ulianza kubomoka mwaka 1960, vizuizi vya rangi katika umiliki wa ardhi ya nyanda za juu vilipoondolewa. Kuanzia mwaka 1962, Mpango wa Ekari Milioni Moja uligawa mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru yakafuata makampuni na vyama vya kununua ardhi. Watu wengi kutoka Bungoma walivuka kwenda Trans Nzoia kutafuta mashamba. Huko walikutana na shamba lililopimwa na kuorodheshwa, na lenye bei. Walikutana pia na yule aliyejua nani anauza, ambaye hakuwa shemeji wala rafiki, naye alitaka sehemu yake ya bei.

HATI, BODI NA FAMILIA

Mabadiliko kama hayo yalifika pia katika Kanduyi yenyewe kwa njia ya upimaji. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia kumpa kila mkulima hati yake. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 na Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968 ziliutekeleza mwelekeo huo. Jina la Kanduyi likaingia katika daftari: mashamba mengi hutambulishwa hadi leo kwa jina la sehemu ya usajili ya East Bukusu/South Kanduyi, likifuatiwa na namba. Mahali palipojulikana kwa jina la babu pakajulikana kwa tarakimu, na mgeni aliyekuwa na tarakimu hiyo aliweza kupauliza ofisini bila ya kumwuliza mzee yeyote.

Hata hivyo, sheria haikuiondoa jamii kabisa. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 iliweka bodi za kuridhia mauzo ya ardhi ya kilimo. Ridhaa ya bodi isipoombwa na kupatikana kwa wakati, mapatano hubatilika na mnunuzi hubaki na haki ya kudai fedha zake kama deni. Mahakama zimeilegeza kanuni hiyo mara kadhaa kwa misingi ya haki na insafu, lakini bodi imebaki kuwa mlango ambao muuzaji wa shamba hana budi kuupita. Baadaye Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 ziliimarisha haki ya mke au mume kukataa kuuzwa kwa makao ya ndoa bila ya ridhaa yake.

Hapa ndipo swali la ujira linapopata uzito wake. Dalali wa mnada alimaliza kazi kwa neno moja la mwisho. Dalali wa Kanduyi huonyesha leo, bei hupatanwa kesho, ridhaa huombwa baada ya majuma kadhaa, na hati hubadilishwa baada ya miezi. Katikati ya safari hiyo mke anaweza kukataa, ndugu anaweza kuweka pingamizi, wazee wanaweza kukumbusha kwamba kaburi la baba limo katika uwanja wa nyumba inayouzwa. Je, mwonyeshaji amestahili ujira wake tangu lini?

UJIRA HUSTAHILI LINI

Jibu la swali hili limetafutwa katika mapokeo zaidi ya moja. Wanazuoni wa fikihi ya Kiislamu hutofautisha ijara, ambayo ni malipo ya kazi yenyewe, na juala, ambayo ni malipo yaliyoahidiwa kwa atakayefikisha matokeo fulani. Katika juala, aliyetaabika bila ya kufikisha hana anachodai. Kiswahili kimelipokea neno ijara, na ujira nalo ni la ukoo huohuo wa Kiarabu; juala halikuenea katika matumizi ya kawaida. Pengine ndiyo sababu madalali husema juu ya "ujira" kana kwamba wamekodishwa kwa siku, ilhali malipo wanayoyadai kwa kweli ni ya namna ya juala.

Sheria ya Kiingereza imefikia mahali panapokaribiana na hapo. Katika kesi ya Luxor dhidi ya Cooper, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mjini London, ilikubaliwa kwamba wakala aliyeahidiwa kamisheni mauzo yatakapotimia hawezi kuidai ikiwa mwenye mali ameghairi kabla ya mauzo kufungwa, isipokuwa mapatano yao yalisema vingine. Kanuni hizo zina uzito nchini Kenya, kwa maana tangu tarehe 1 Januari 1961 sheria ya Kiingereza ya mikataba ilichukua nafasi ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Tanganyika, kinyume chake, iliutunga mwaka huohuo wa 1961 sheria yake kwa kuufuata mfano wa India.

Kanuni ya pili inahusu mawakala wengi. Mwenye nyumba akiwaambia watu watano, na mnunuzi mmoja akapitia kwa watatu, haulizwi aliyetangulia kutamka jina la nyumba. Huulizwa kazi ya nani ndiyo iliyosababisha mauzo. Ili kuepukana na shauri la namna hiyo, baadhi ya wauzaji huchagua wakala mmoja tu kwa muda uliowekwa. Njia hiyo humpa wakala moyo wa kutumia fedha zake kutangaza, lakini humfunga muuzaji.

Mwaka 1984 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, iliyoanzisha bodi ya usajili na kukataza mtu asiyesajiliwa kuifanya kazi hiyo. Udalali wa mnada nao umewekewa sheria yake ya mwaka 1996. Mgawanyo huo wa kisheria umeacha alama katika lugha. Nchini Kenya neno dalali limeelekea zaidi kwa mtu wa mnada, na hasa yule anayekuja na amri ya mahakama kuchukua mali ya mwenye deni. Ni neno la kuogofya. Kwa hiyo anayetafutia watu nyumba hupenda kuitwa ejenti au wakala, na wasiompenda humwita broka. Nchini Tanzania, kinyume chake, dalali ni jina la kawaida la anayetafutia watu vyumba, na katika Dar es Salaam ujira wake uliozoeleka ni kodi ya mwezi mmoja. Neno moja, basi, limegawanyika penye mpaka, na sababu ya mgawanyiko huo imo katika kazi ambazo watu wa kila upande wameona dalali akizifanya.

CHA JUU

Katika mauzo ya wazi, mwenye nyumba humlipa wakala asilimia waliyopatana. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba nyumba na kiwanja chake vimeuzwa kwa shilingi 3,000,000 na mapatano ni asilimia 3, ujira ni shilingi 90,000. Kiasi hicho kinajulikana na kinaweza kuandikwa. Hata serikali hukitambua: katika hesabu ya kodi ya faida ya mtaji, ambayo muuzaji hulipa kwa asilimia 15 tangu Januari 2023, gharama za wakala huondolewa kabla ya faida kupimwa. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi, nao ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani.

Lipo, hata hivyo, pato la namna nyingine. Mwenye nyumba huulizwa, "Wewe unataka ngapi mkononi?" Akijibu shilingi 2,500,000, mtu wa kati humwambia mnunuzi shilingi 3,000,000, na tofauti ya 500,000 hubaki kwake. Pato hilo ni takriban asilimia 17 ya bei, zaidi ya mara tano ya ujira wa mfano wa kwanza. Huitwa cha juu.

Usemi huu unastahili kuangaliwa na wanaisimu. Ni kihusishi cha ngeli ya KI- ambacho nomino yake imeachwa. Katika kilemba na kiinua mgongo nomino ipo, na kila mtu hujua kinachotajwa. Katika cha juu hakijulikani ni kitu gani kilicho juu, wala ni juu ya nini. Kimesemwa mahali tu, jina likazuiwa. Usemi jamaa yake, kitu kidogo, unayo nomino, lakini nomino hiyo haisemi lolote. Lugha imefuata tabia ya jambo lenyewe: malipo yanayofichwa yamepata majina yanayoficha. Ada isiyojulikana haiwezi kuitwa ada. Cha juu kikijulikana na wote hukoma kuwa cha juu, kikawa kamisheni kubwa tu.

Kwa mtazamo wa sheria tofauti ni hiyohiyo. Mwenye mali akielezwa kila kitu na akaridhia kwamba kitakachozidi bei yake ni cha wakala, hapana kosa; ni namna ya mapatano. Asipoelezwa, wakala amejipatia faida ya siri kutokana na mali ya aliyemtuma, na anaweza kutakiwa airudishe. Ndivyo ilivyo pia kwa anayechukua kwa muuzaji na kwa mnunuzi bila ya mmoja kujua habari za mwingine. Lakini haki iliyomo katika sheria haimfai mtu asiyejua kwamba ameibiwa. Muuzaji wa shilingi 2,500,000 huenda nyumbani akimshukuru wakala kwa sababu hakumkata hata senti.

Hali hii imezidi kuwa na umuhimu tangu ugatuzi wa mwaka 2013. Bungoma ilipokuwa makao ya serikali ya kaunti, na Chuo Kikuu cha Kibabii kilipopewa hati kamili mwaka 2015, mahitaji ya nyumba na viwanja yaliongezeka. Barabara ya kutoka Musikoma hadi Kanduyi imepanuliwa ikawa ya njia mbili, na mashamba yaliyokuwa ya mahindi kando yake hukatwa viwanja. Wauzaji wengi ni wana na wajane wa wale walioandikishwa katika upimaji wa kwanza. Wengi wao huuza ardhi mara moja tu maishani, na wanaponena na broka, upande mmoja una uzoefu wa kila siku na upande wa pili hauna uzoefu wowote.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba ujira wa mtu wa kati katika Kanduyi umepita hatua tatu. Katika hatua ya kwanza ulikuwa takrima iliyoliwa hadharani, na mpokeaji alibeba dhamana ya mgeni. Katika hatua ya pili ulikuja kama asilimia kutoka katika soko la walowezi, ukiwa na karatasi lakini bila ya dhamana ya kijamii. Katika hatua ya tatu, hati zilipoenea na wanunuzi wakawa wageni kwa wauzaji, asilimia ilipata mwenzake wa gizani, cha juu.

Haitakuwa sahihi kusema kwamba desturi ya zamani ilikuwa njema na ya sasa ni mbovu. Katika desturi ya zamani mjane hakuwa na ardhi ya kuuza, wala ndugu zake hawakumwuliza. Hati imempa uwezo ambao mtungi wa pombe haukumpa. Lakini mashahidi waliokula pamoja walifanya kazi moja ambayo hati pekee haiifanyi: walijua bei. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika Kanduyi daftari la ardhi lipo ilhali daftari la ujira halipo. Mapatano yaliyoandikwa kabla ya nyumba kuonyeshwa, yakitaja kiasi, mlipaji na wakati wa kulipwa, yangeyarejesha malipo hayo katika maana ya neno ada, yaani jambo linalojulikana na wote.

Kwa upande wa taaluma ya lugha, mfano huu unaonyesha kwamba msamiati wa biashara haufai kukusanywa kutoka katika kamusi na sheria pekee. Udalali na ada yamo katika kamusi. Kamisheni imo katika mikataba. Cha juu kimo midomoni mwa watu, na ndicho kilichochukua sehemu kubwa ya bei.